Jasho Lisipopata Njia: Nguo ya Mazoezi Katika Joto la Shinyanga na Geita

Ndugu msomaji, yeyote apitaye katika barabara za mji wa Shinyanga Jumapili alfajiri, kabla jua halijapanda, huwakuta wananchi wa kila rika wakifanya mazoezi. Wapo wanaokimbia kwa makundi huku wakiitikiana nyimbo, wapo wanaotembea kwa mwendo wa haraka, na wapo waendesha baiskeli, maana mji huu na baiskeli ni marafiki wa siku nyingi. Huko Kahama na Geita nako, wafanyakazi wa migodini, wa maofisini na wa masokoni hukutana viwanjani jioni kucheza kandanda, pete na wavu. Hili ni jambo la kupongezwa, kwa kuwa mwili usiotumika huchakaa upesi kuliko unaotumika.

Lakini mtazame kwa makini mmoja au wawili miongoni mwa wakimbiaji hao. Huyu amevaa sweta zito, na juu yake koti la nailoni lililofungwa zipu hadi kidevuni. Yule amejizungushia karatasi ya nailoni tumboni, kisha akavaa fulana mbili juu yake. Ukiwauliza sababu, watakujibu kwamba wanataka kutoa jasho ili wapungue unene. Wengine hawana nia hiyo. Wamenunua tu jezi inayong'aa kwa kuwa ndiyo inayovaliwa na wachezaji mashuhuri, bila kujiuliza imetengenezwa kwa kitambaa gani. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini swali hilo la kitambaa si la urembo bali ni la afya, na pengine ni la uhai wenyewe.

MWILI NI KAMA MTUNGI

Kila mwenye nyumba katika mikoa yetu anaufahamu mtungi wa maji. Udongo wake una vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya polepole, hufika upande wa nje, na hapo hewa huyakausha. Yanapogeuka kuwa mvuke huchukua joto la mtungi na kuondoka nalo, na maji yaliyobaki ndani hupoa. Upake mtungi huo rangi ya mafuta, au uuvike mfuko wa nailoni, na maji yake yatabaki vuguvugu hata ukiuweka chini ya mwembe kutwa nzima.

Mwili wa binadamu hutumia njia hiyo hiyo. Misuli inapofanya kazi, sehemu moja tu kati ya nne au tano za nguvu inayotumika hugeuka kuwa mwendo. Sehemu zote zilizobaki hugeuka kuwa joto. Mwili wenye afya hutaka kubaki katika nyuzi 37 hivi za sentigredi. Hewa ya nje ikiwa baridi, joto hilo hutoka lenyewe kupitia ngozi. Lakini hewa inapokaribia joto la ngozi, kama inavyotokea Shinyanga mwezi wa Septemba na Oktoba wakati wa mchana, njia kubwa inayobaki ni moja, nayo ni jasho.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Jasho halipozi mwili kwa kutoka; hupoza kwa kukauka. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa joto la kilokalori zipatazo 580, yaani joto linaloweza kuyachemsha maji ya kawaida yapatayo lita 7. Lakini jasho linalodondoka chini tone kwa tone, au linalokaa ndani ya koti la nailoni likichuruzika mgongoni, karibu halisaidii kitu. Mwili umepoteza maji yake bure. Kwa kuwa haujapoa, hutoa jasho jingine, na jingine tena, hadi maji yapunguke katika damu na moyo uanze kuhangaika.

Na ule unene je? Uzito unaopungua kwa njia hiyo ni uzito wa maji. Ukinywa vikombe kadhaa hurudi siku hiyo hiyo. Mafuta ya mwilini hayatoki kwa jasho. Huchomwa na misuli, na misuli hufanya kazi kwa muda mrefu zaidi mwili unapokuwa umepoa. Kwa hiyo mtu aliyevaa nguo nyepesi, akakimbia dakika 40 bila taabu, amefaidika kuliko aliyejifunika akachoka baada ya dakika 15.

VIFO VILIVYOFUNDISHA DUNIA

Huenda msomaji akadhani kwamba tunakuza mambo. Basi na tukumbuke yaliyotokea Marekani mwishoni mwa mwaka 1997. Katika muda wa wiki chache tu za Novemba na Desemba, vijana watatu wanamieleka wa vyuo vikuu walifariki dunia wakijitahidi kupunguza uzito kabla ya mashindano. Vyuo vyao vilikuwa katika majimbo matatu mbalimbali, lakini habari ya vifo vyao ilikuwa moja: wote walikuwa wakifanya mazoezi makali mahali penye joto, wakiwa wamevaa mavazi yasiyopitisha mvuke, na juu yake nguo nyingine za mazoezi. Walikuwa vijana wa umri wa miaka 19 hadi 22, wenye afya na waliozoea michezo. Mapema mwaka 1998 chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko kilipiga marufuku mavazi hayo.

Ikiwa vijana wa namna hiyo, wenye makocha na waganga karibu yao, walishindwa, itakuwaje kwa baba wa miaka 50 mwenye shinikizo la damu anayekimbia peke yake na koti la nailoni?

PAMBA, MALI YA KWETU

Kanuni ya kwanza ya nguo ya mazoezi imekwisha kuonekana: iwe ni nguo inayoliacha jasho likauke. Sasa tutazame vitambaa kimoja kimoja, tukianza na kile kinachotoka katika mashamba yetu.

Kanda ya Ziwa, yaani Shinyanga, Simiyu, Mwanza, Geita na jirani zao, hutoa zaidi ya sehemu tisa katika kumi za pamba yote ya Tanzania. Mbegu zake zimekuwa zikichunguzwa na kuboreshwa kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza. Ndiyo sababu majina ya aina nyingi za pamba yetu huanza kwa herufi UK. Ni ajabu basi kwamba mtoto wa mkulima wa pamba aghalabu hucheza mpira akiwa ndani ya nailoni.

Sifa kubwa ya pamba ni kwamba hupenda maji. Kilo moja ya pamba inayoonekana kavu kabisa huweza kuwa na unyevu wa gramu 80 hivi ndani ya nyuzi zake, na mvaaji asiuhisi. Jasho linapoanza, pamba hulipokea kutoka kwenye ngozi, ni laini, haiwashi, na ikifumwa nyepesi hupitisha hewa vizuri. Kwa matembezi, kwa mazoezi ya viungo nyumbani, kwa kukimbia polepole kwa nusu saa, na kwa watoto wanaocheza, fulana nyepesi ya pamba haina aibu mbele ya jezi ya bei ghali.

Lakini tuseme ukweli wote. Kupenda maji huko huko kuna ila yake. Katika mchezo mkali wa saa nzima au zaidi mtu huweza kutoa lita moja ya jasho kila saa, na pengine zaidi. Pamba hulinywa, huwa nzito, hugandamana na ngozi, na hukawia kukauka. Fulana iliyolowa huchubua kwapa na chuchu, na kaptula iliyolowa huchubua mapaja. Mkimbiaji wa masafa marefu anaijua adhabu hiyo, na hupaka mafuta ya mgando mahali pa msuguano kabla ya kuondoka nyumbani.

Tena si kila pamba ni nyepesi. Jinsi na kaki nzito ni pamba pia, lakini ni nguo za kazi. Kitenge cha nta kilichofumwa kwa kubana hakipitishi hewa kama kanga iliyofuliwa mara nyingi.

POLIESTA NA NDUGUZE

Wazee wanazikumbuka suruali za tetroni na krimplini za miaka ya 1970, zilizosifiwa kwa kuwa hazikunjamani, na zilizomtesa mvaaji kila jua lilipowaka. Zote mbili ni za ukoo wa poliesta, uzi uliobuniwa Uingereza mwaka 1941 kutokana na kemikali za mafuta ya petroli. Poliesta ni kinyume cha pamba: haipendi maji. Kilo moja hubeba ndani yake gramu 4 hivi tu za unyevu. Ikifumwa kwa kubana, jasho hubaki kwenye ngozi bila pa kwenda.

Hata hivyo poliesta ya viwanja vya leo si ile ya suruali za zamani. Mafundi wa viwandani hutengeneza nyuzi nyembamba sana zenye mifereji, kisha wakazifuma zikaacha matundu. Jasho husafiri katika mifereji hiyo kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi wa kibatari, hadi upande wa nje, na huko hukauka upesi. Jezi ya namna hiyo haiwi nzito hata mchezo ukiisha. Kwa mchezaji wa dakika 90 au mkimbiaji wa kilometa 21, inafaa kuliko pamba.

Tatizo ni kwamba sokoni jezi zote hung'aa sawasawa. Iko yenye matundu na mifereji, na iko iliyoigwa rangi na nembo tu, lakini kitambaa chake ni kizito kama turubai. Tena poliesta hushika harufu. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walilinganisha fulana za watu baada ya mazoezi, wakaona kwamba za poliesta zilinuka vibaya zaidi kuliko za pamba, kwa sababu aina fulani za vijidudu hustawi juu yake.

Nailoni hunywa maji kidogo kuliko pamba, na ni imara. Hufaa kwa bukta nyepesi, lakini haifai kwa koti la kufungwa zipu. Sweta za akriliki ni za asubuhi ya baridi ya Juni na Julai tu, nazo zivuliwe mara mwili unapopata moto. Ama michanganyiko ya pamba na poliesta, hiyo ni njia ya katikati: hukauka upesi kuliko pamba tupu, na haiwashi kama poliesta tupu. Kwa familia yenye kipato cha kawaida, fulana nyepesi ya mchanganyiko huo inaweza kutumika kwa karibu kila zoezi.

JINSI YA KUKITAMBUA KITAMBAA

Katika marundo ya mitumba ya Shinyanga, Kahama au Geita, nguo nyingi hazina tena kile kibandiko cha shingoni kinachotaja kitambaa. Usifadhaike. Yako majaribio manne ambayo kila mtu anaweza kuyafanya.

La kwanza, inua nguo kuelekea kwenye mwanga. Ukiona vitundu vidogo vya nuru vimetawanyika kote, hewa nayo itapita.

La pili, ibandike mdomoni upulize. Pumzi ikitokea upande wa pili ukaihisi kwa kiganja, nguo inafaa. Ikirudi usoni mwako, irudishe rundoni.

La tatu, dondosha tone la maji. Likinywewa papo hapo na kuenea, kitambaa kitalipokea jasho. Likisimama juu kama umande juu ya jani la yungiyungi, jasho nalo litasimama juu ya ngozi yako. Nguo mpya ya pamba yenye wanga wa kiwandani huweza kukudanganya hapa, ifue kwanza.

La nne ni la nyumbani, baada ya kununua, na lifanywe na mtu mzima peke yake. Chomoa uzi mmoja katika pindo la ndani, ushike kwa koleo juu ya beseni la maji, uuwashe. Pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi, na huacha majivu laini. Poliesta na nailoni huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Jaribio hili lina onyo ndani yake pia: nguo inayoyeyuka ikishika moto mwilini huganda kwenye ngozi, kwa hiyo mama asisimame mbele ya jiko la mkaa akiwa bado na nguo zake za mazoezi za poliesta.

MSHONO NA RANGI

Kitambaa kizuri kikishonwa vibaya hupoteza nusu ya faida yake. Nguo ya mazoezi ya joto yafaa iwe pana kidogo, yenye kwapa kubwa na shingo isiyobana, ili kila hatua ya mkimbiaji isukume hewa moto nje na kuvuta nyingine ndani. Mwaka 1970, katika Kombe la Dunia lililochezwa Meksiko kwenye jua kali, timu ya Uingereza ilivalishwa jezi za kitambaa chepesi chenye matundu-matundu kwa sababu hiyo hiyo. Timu za mitaa zinazochapisha jezi zikumbuke pia kwamba namba kubwa ya plastiki pamoja na tangazo lililobandikwa mgongoni huziba mahali panapotoa jasho kuliko pengine pote. Namba iwe ya wino, au iwe ndogo.

Kuhusu rangi, nyeupe na zile zilizofifia hurudisha mwanga wa jua, na nyeusi huuvuta. Hilo ni kweli hasa kwa nguo iliyobana mwili. Lakini mwaka 1980 wataalamu waliwachunguza Mabedui wavaao kanzu nyeusi jangwani, wakaona kwamba miili yao haikupata joto zaidi kuliko ya waliovaa nyeupe, kwa sababu kanzu ni pana na hewa hupita ndani yake. Somo ni kwamba upana wa nguo una thamani kuliko rangi yake.

Somo hilo linawahusu hasa akina mama na wasichana wanaopenda kujisitiri. Hakuna haja ya kuacha mazoezi kwa ajili ya stara. Suruali pana ya pamba nyepesi, gauni fupi la juu lenye mpasuo ubavuni, na mtandio mwepesi usiokazwa shingoni vinatosha. Tangu mwaka 2014 sheria za kandanda duniani zimeruhusu wachezaji kufunika kichwa uwanjani. Sidiria iwe ya kushika vizuri, na chupi iwe ya pamba, maana unyevu wa siku nzima huzaa fangasi. Kwa wanaume nao ni vivyo hivyo: muwasho wa mapajani, na ule wa kati ya vidole vya miguu, aghalabu hutokana na bukta na soksi zilizokaa mwilini zikiwa mbichi.

Wakazi wa Geita wazingatie jambo moja zaidi. Jirani na Ziwa Victoria, na hasa majira ya mvua, hewa hubeba unyevu mwingi, na jasho hukawia kukauka kuliko katika hewa kavu ya Shinyanga. Hapo nguo iwe nyepesi zaidi, na mwendo upunguzwe. Mkazi wa Shinyanga naye asidanganyike kwa kuona hatoi jasho. Linatoka, ila linakauka kabla hajaliona. Ile chumvi nyeupe mgongoni mwa fulana ndiyo shahidi.

NGUO YA KAZI SI NGUO YA MAZOEZI

Wapo vijana wanaotoka zamu wakaingia uwanjani na ovaroli au suruali ile ile ya mgodini. Hilo ni kosa mara mbili. Nguo hiyo ni nzito na imekwisha lowa. Zaidi ya hayo, katika machimbo ya wachimbaji wadogo, kama yale ya Rwamagasa na Nyarugusu, nguo hubeba vumbi la mawe yaliyosagwa, na pengine zebaki inayotumika kukamatia dhahabu. Ivue kabla ya mchezo, iweke mbali na watoto, na ifuliwe peke yake.

Nguo ya mazoezi nayo isirundikwe mbichi kona ya chumba hadi Jumamosi. Isuuzwe siku hiyo hiyo, ifuliwe kwa sabuni ya kawaida, na ianikwe ikiwa imegeuzwa ndani nje. Dawa za kulainishia nguo hupaka nyuzi mafuta na kuziba njia ya jasho. Poliesta isipigwe pasi ya moto mkali.

DALILI ZA HATARI

Mwisho, hata nguo bora haiwezi kumlinda mtu asiyejua kipimo. Anayeanza mazoezi wakati wa joto aupe mwili wake wiki moja au mbili za kuzoea, akimbie asubuhi na mapema au jua linapokwenda kutua, na anywe maji. Akiona kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kuuma au misuli kukaza, asimame na kukaa kivulini. Mwenzake akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kupepesuka au kuanguka, huo ni ugonjwa wa joto ulio hatari. Avuliwe nguo zinazofunika, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe bila kukoma, na apelekwe hospitali haraka. Asinyweshwe kitu akiwa hajitambui.

Ndugu msomaji, utakaposimama tena mbele ya rundo la nguo sokoni, usiulize kwanza nembo ni ya timu gani. Ipulize pumzi, uitazame kwenye mwanga, uidondoshee maji. Na yule jirani yako akimbiaye kila alfajiri akiwa amejifunga nailoni tumboni, usimcheke. Msogelee kwa upole, umweleze habari ya mtungi.